Mstaafu alipwe kwa bei ya vitabu au ya soko?

Ndugu Mshauri,

Mfuko wetu wa hiari wa wafanyakazi, wa kujazia mafao ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa lazima), una shilingi bilioni 1.1 vitabuni, yaani kwa bei tuliyonunulia. Milioni 800 ziko kwenye hatifungani (mkopo tulioipa serikali) ya miaka 25 iliyonunuliwa mwaka 2022 kwa kuponi, yaani riba ya mwaka, ya asilimia 12.56, milioni 260 ni amana ya muda maalumu, na 40 ziko akaunti ya kawaida. Kuponi huingia mara mbili kwa mwaka, jumla kama milioni 100. Michango ni milioni 40 kwa mwaka. Ndani ya miaka mitatu ijayo wanastaafu watu 26 wanaodai milioni 570. Mapato ya kipindi hicho ni 420, na pengo la 150 linazibwa na fedha iliyoko benki. Hadi hapo hatuna wasiwasi.

Sasa wajumbe wengi wa kamati wanataka milioni 280 zijenge nyumba sita za kupangisha Kibada, Kigamboni. Pango la 300,000 kwa kila nyumba ni milioni 21.6 kwa mwaka, chini ya asilimia 8, na hapo bado kodi ya serikali, ukarabati na miezi ya kukosa mpangaji. Hoja yao kubwa: mbona NSSF iliweka asilimia 60 ya gharama za Daraja la Kigamboni? Ni kweli, lakini NSSF hupokea kwa lazima ya sheria asilimia 20 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja, na vijana wanaoajiriwa leo wataichangia kwa miongo. Kwetu mchango ni hiari na ajira mpya zimesimama.

Tukijenga, benki zitabaki milioni 20. Hata nyumba zikipangishwa zote kwa miaka miwili baada ya mwaka wa ujenzi, tutapungukiwa kama milioni 87, na huwezi kumkatia mstaafu choo na sebule aondoke navyo. Itabidi dalali auze hatifungani DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mnunuzi akidai faida ya asilimia 15.5, hatifungani yetu itapata karibu 82 kwa kila 100, kwa hiyo kupata 87 tutauza za milioni 106.

Bei hiyo ya 82 ndiyo inayonikosesha usingizi zaidi, tujenge tusijenge. Kwa bei hiyo ya soko mfuko una milioni 956, yaani asilimia 87 ya kilichoandikwa. Anayeondoka na milioni 22 za vitabuni, fungu lake sokoni ni 19.1, tofauti inabebwa na wanaobaki. Kwa wote 26 ni kama milioni 75. Mhasibu anasema hatifungani ikiiva 2047 tutarudishiwa 100 kamili, hivyo hasara ni ya karatasi tu. Sawa, ila soko likiwa hivyo, wanaobaki watakuwa wanakula 12.56 wakati mfuko mwingine unanunua kwa faida ya 15.5.

Ninaomba ushauri kwa haya. Je, tushushe thamani ya mafungu ya wanachama mara moja, au tugawe riba ndogo kwa miaka kadhaa na kinachobaki kiwe akiba ya kuziba tofauti? Amana zikiiva, tununue hatifungani za miaka 2 na 5 zinazopishana kuiva, au tuweke Mfuko wa Ukwasi wa UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao fedha zake hutolewa kwa urahisi? Na kwa mfuko wa ukubwa huu, mali isiyohamishika iwe na kikomo cha asilimia ngapi kwenye katiba ya mfuko?

Mjumbe wa kamati ya uwekezaji,
Ubungo, Dar es Salaam