Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: mpangamiji kijana aanzie kazi kwenye kata

Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,

YAH: AJIRA, USIMAMIZI NA MAFUNZO ENDELEVU KWA WAPANGAMIJI WA DAR ES SALAAM

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangamiji niliyesajiliwa, ninafanya kazi katika sekta binafsi hapa Dar es Salaam, na sehemu ya kazi yangu ni kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo pamoja na wahitimu wanaotafuta mtu wa kuwasimamia ili nao wafikie kusajiliwa. Ninakuandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba limegawanyika katika meza nyingi: Wizara yako, Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, TAMISEMI, Utumishi na halmashauri tano za mkoa huu, na mahali penye meza nyingi faili huwa halina mwenyewe. Ninaomba kila mhitimu wa mipangomiji anayetaka kuingia katika taaluma apate miaka miwili ya kazi yenye posho na msimamizi, akiwa amekaa katika ofisi ya kata, na miaka hiyo ihesabiwe katika usajili wake na katika ajira ya Serikali.

Mheshimiwa, mwaka 2007 ulikuwa mwaka mkubwa kwetu. Bunge lilitunga Sheria Na. 7 ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji na Sheria Na. 8 ya Mipangomiji, na mwaka huohuo Chuo Kikuu Ardhi kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili. Kabla ya hapo jiji hili lilikuwa limepangwa kwa mikono ya wageni: mpango wa 1949 uliandaliwa na kampuni ya Uingereza, Sir Alexander Gibb & Partners, ule wa 1968 ukaandaliwa na Project Planning Associates ya Kanada, na ule wa 1979 ukafanywa na kampuni nyingine ya hukohuko Kanada, Marshall Macklin Monaghan. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kufika 1999, na baada ya hapo jiji liliendelea kukua kwa muda mrefu likiwa halina mpango kabambe mpya. Sheria za 2007 zilitupa heshima ya kuwa na wataalamu wetu, chuo chetu na bodi yetu. Kilichobaki nyuma ni njia ya kumtoa kijana kwenye mahafali na kumfikisha kwenye muhuri wa mtaalamu.

Njia hiyo imefungwa kwa namna ambayo kila anayeitazama anaiona, ila hakuna aliyepewa kazi ya kuifungua. Mhitimu hasajiliwi kikamilifu mpaka aoneshe uzoefu wa vitendo chini ya mtaalamu. Kampuni binafsi inataka mtu ambaye tayari ameshasajiliwa, kwa kuwa ndiye anayeweza kuandikwa kwenye zabuni. Halmashauri inasubiri kibali cha ajira, na kikitoka, nafasi za Afisa Mipangomiji Daraja la II, yaani daraja la kuanzia kazi, zinazotangazwa ni chache mno kwa idadi ya wanaozigombea. Kwa hiyo kijana anakaa. Na kwa kuwa tumbo halisubiri kibali, anakwenda kwenye kampuni za kuuza viwanja, zile zinazonunua shamba Mkuranga au Bagamoyo, zikalikatakata, kisha zikatangaza mitandaoni kwamba mita ya mraba ni shilingi kadhaa, lipa kidogokidogo, hakuna riba. Wapo kati yao wanaofanya kazi safi, na simlaumu kijana anayekula kwa jasho lake. Ila nchi imemsomesha kwa miaka minne mtu wa kuuliza barabara, shule na mfereji vitakaa wapi, kisha imemwacha akalipwe kamisheni kwa kuuza kiwanja ambacho maswali hayo hayajaulizwa.

Naomba nikueleze jambo moja nililoliona kwa macho, upande wa Kivule, katika mkutano wa urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima mtaa ambao tayari umejengwa ili wakazi wapate hati. Mchoro ulikuwa umetandazwa juu ya meza ya ofisi ya serikali ya mtaa, pembe zake zimegandamizwa kwa kipande cha tofali na madaftari ya mtendaji, na binti mhitimu aliyekuwa chini ya usimamizi wangu alikuwa akieleza kwa lugha nzuri ya darasani upana wa njia na maeneo ya huduma za jamii. Mzee mmoja akaweka kidole kwenye mstari na kusema, "Mwanangu, hii njia yako imepita juu ya choo changu. Choo nikihamishie wapi, na ule upande wa pili ni maji yanapita?" Binti alinyamaza kidogo, akauliza maji hayo yanatoka wapi. Wakajibu kina mama watatu kwa pamoja, kila mmoja akionesha upande wake, na mwishowe tukatoka nje wote tukaifuata njia ya maji kwa miguu, tukipita nyuma ya mabanda ya kuku na kuta zilizoachiwa matundu kwa chini, hadi kwenye korongo ambalo halikuwamo kwenye picha ya setilaiti kwa sababu lilikuwa limefunikwa na migomba. Tuliporudi mstari ulihamishwa. Mzee hakukataa njia. Aliitoa mwenyewe sehemu ya uwanja wake upande mwingine, na jirani yake alipoona hivyo naye akasogeza uzio.

Kazi iliyofanyika mchana ule ndiyo upangaji wa mji katika Dar es Salaam, ambako zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wanakadiriwa kuishi katika maeneo yaliyojengwa kabla ya kupangwa. Haifundishiki katika maabara ya kompyuta, wala haifanyiki kwa afisa mmoja kutoka makao makuu ya manispaa anayefika mara moja akiwa na gari la kuazima na mikutano mingine miwili ya kuwahi. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa huu. Ukiwagawa kwa halmashauri zake tano, yaani Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, unapata wastani wa zaidi ya watu milioni 1 kwa kila idara ya mipangomiji. Kata ina mtendaji, ina afisa afya, ina afisa maendeleo ya jamii, na zipo kata za mjini zenye hata bwana shamba. Mpangamiji hana dawati huko, na mwananchi anayetaka kujua kama kiwanja anachouziwa kiko kwenye hifadhi ya mto huishia kumuuliza dalali anayemuuzia.

Ndiyo maana nimeitaja kata na sikutaja ofisi ya manispaa. Mhitimu akikaa katani kwa miaka miwili atajifunza kusoma mchoro akiwa amesimama juu ya ardhi yenyewe, ataona msingi wa nyumba ukichimbwa kwenye hifadhi ya barabara kabla ukuta haujapanda na kabla alama nyekundu ya X ya kubomolewa haijahitajika, atamsaidia mwenyekiti wa mtaa kuelewa kile anachokiwekea saini, na atawaeleza wananchi habari za kibali cha ujenzi kwa lugha wanayoielewa. Msimamizi wake awe mtaalamu aliyesajiliwa, wa Serikali au wa sekta binafsi, ambaye kila mwezi atapitia daftari lake la kazi na kulitia saini. Na daftari hilo, badala ya barua ya jumla isemayo kwamba fulani alikuwa nasi na alionesha nidhamu, ndilo liwe ushahidi mbele ya Bodi.

Hili si geni nchini. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango rasmi wa mafunzo ya vitendo kwa wahandisi wahitimu, wa miaka 3, chini ya mhandisi msimamizi, na sijasikia mtu akisema ni anasa. Kama tunakubali kwamba daraja halikabidhiwi kwa mtu aliyetoka darasani jana, sioni sababu ya kufikiri kwamba mtaa wa watu elfu kumi unaweza kukabidhiwa hivyo.

Baada ya usajili kuna suala la mafunzo endelevu, na hapa niruhusu niseme kwa uwazi. Mengi ya mafunzo niliyohudhuria yalifanyika hotelini, ada yake kijana hawezi kuilipa bila mwajiri, na yaliyomo yalikuwa hotuba, chai, hotuba na picha ya pamoja. Taasisi ya wapangamiji ya Uingereza huwataka wanachama wake saa 50 za kujiendeleza katika kila miaka miwili, na huko Marekani mpangamiji aliyethibitishwa hudaiwa alama 32 katika kipindi kama hicho, zikiwamo za maadili na za sheria. Sipendekezi tunakili idadi zao. Ninachokipenda kwao ni kule kudai maadili na sheria kwa jina, kwa kuwa wenzetu wengi wanapopata matatizo hapa Dar es Salaam hawakwami kwenye kuchora. Hukwama kwenye ombi la kubadili matumizi ya kiwanja kuwa kituo cha mafuta katikati ya makazi, pale simu inapopigwa na mtu mzito na kijana hajui sheria inamlinda vipi akisema hapana. Bodi ingeweza kuzitambua pia saa za kazi ya mtaani, kesi zilizojadiliwa na wenzake, na masomo ya jioni yatakayotolewa na Chuo Kikuu Ardhi kwa ada ndogo kuhusu mifumo ya taarifa za kijiografia, picha za ndege zisizo na rubani na usuluhishi wa migogoro ya mipaka.

Kuhusu vipaji, jiji limeshapata jibu lake. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatoa wanafunzi wa vyuo vya hapa wakaenda na wakazi kuchora mifereji, vichochoro na nyumba katika kata zinazofurika, na ramani zao zipo wazi kwa yeyote azitumie. Vijana wale walijifunza kwa wiki chache mambo ambayo sisi wa zamani tulihangaika nayo miaka. Lakini kijana mwenye ujuzi huo akiomba kazi halmashauri anaingia Daraja la II sawasawa na asiyekuwa nao, na akitaka kupanda hadi juu kabisa inambidi awe mkuu wa kitengo, aache kuchora na aanze kusaini masurufu. Muundo wa utumishi umruhusu mtu awe mpangamiji mkuu kwa ubingwa wa kazi, aendelee kuwa mtaani na alipwe kama mkuu.

Miradi mikubwa nayo iguswe. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam na ule wa Bonde la Msimbazi imeleta washauri waelekezi wenye uzoefu wa dunia. Bonde hilo ndilo ambalo mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumba wakazi wake, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini na familia kadhaa zikahamishiwa Mabwepande. Hakuna darasa zito kuliko hilo kwa mpangamiji wa Kitanzania. Kila mkataba wa ushauri wa aina hiyo uwe na kifungu kinachomlazimu mshauri kuchukua wahitimu wa hapa kwa majina, kwa malipo, na kwa kazi halisi ya kitaalamu. Kukalimani na kubeba kamba ya kupimia kusihesabiwe.

Najua swali la fedha litakuja kabla barua hii haijafika nusu ya safari. Halmashauri hukusanya ada za vibali vya ujenzi na za mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na sehemu ndogo ya ada hizo, ikifungiwa kwa kazi hii peke yake, inaweza kuanza kulipa posho katika kata chache. Nasisitiza Serikali iwe mlipaji, kwa sababu tumeshaona katika urasimishaji nini hutokea posho ya kijana ikitegemea michango ya wananchi: kaya zikichoka kuchangia, kampuni inasimama, mchoro unabaki nusu, kijana anadai mishahara na mwananchi anadai hati, na wote wawili wanakutana kwa mwenyekiti wa mtaa ambaye hakupokea senti.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba uanze kwa kata mbili katika kila halmashauri, jumla kumi, ukizipa kipaumbele zile zilizopakana na Mto Msimbazi na zile za pembezoni ambako mashamba yanakatwa viwanja kila wiki. Uzitangaze tarehe 8 Novemba, Siku ya Mipangomiji Duniani, pamoja na majina ya wasimamizi na chanzo cha posho, na uitake Bodi ichapishe mfano wa daftari la kazi kabla ya siku hiyo. Kwa upande wangu, niko tayari kuwasimamia wahitimu wawili katika kata yoyote nitakayopangiwa, bila kudai malipo ya usimamizi, na nawafahamu wenzangu katika sekta binafsi ambao wakiitwa kwa barua rasmi wataitika.

Wako mtiifu,

Mpangamiji aliyesajiliwa,
Ubungo, Dar es Salaam.

Nakala: Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mwenyekiti, Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, Wakurugenzi wa halmashauri tano za Mkoa wa Dar es Salaam.