Kaka, Baba hayumo kwenye zile namba zako

Assalaam aleikum kaka,

Naandika hapa, mbele ya watu, kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Wewe huanza kunieleza, mimi napandisha sauti, Mama anaiomba simu, na mambo yanaishia hapo hadi mwezi mwingine.

Lile jedwali ulilonitumia kutoka huko Marekani siku ya saba baada ya mazishi ya Baba bado ninalo. Kaunti za Kentucky zote, kila moja na vifo vyake vya saratani ya mapafu kwa kila watu laki moja, pembeni namba ya Marekani nzima, na mwisho wa mstari wameandika kama vifo vinapanda, vinashuka au vimetulia. Kaunti yako iko juu ya taifa, ila inashuka. Jimbo lenu limeongoza Marekani kwa miaka mingi kwa vifo vya ugonjwa huo, na wanao wanakulia humo, kwa hiyo furaha yako niliielewa. Nilifurahi nawe, wallahi.

Siku ya tatu ndiyo siwezi kuisahau. Hitima imekwisha, wazee wamekaa barazani, kahawa inazunguka. Ukapiga simu, na mjomba akaiweka sauti ya juu ili kila mtu akusikie ukishukuru. Ukashukuru vizuri sana, mpaka watu wakalia. Kisha mzee mmoja akauliza, kwa nia njema, maradhi haya yameingiaje mtaani, maana Baba alikuwa wa tatu. Ukamjibu: "Mzee, Kenya nzima hawafi hata elfu moja kwa mwaka. Mombasa ingekuwa na tatizo, lingeonekana kwenye takwimu. Baba ni zile sigara zake."

Hakuna aliyesema neno. Mama alikuwa nyuma ya pazia, amesikia kila kitu.

Baba aliacha sigara wewe ukiwa darasa la sita. Tulikuwa pamoja ufukweni pale Mama Ngina, tuna mihogo mikononi, akaitoa paketi mfukoni akaitupa baharini, akatuambia tumshuhudie. Ulisahau? Najua sigara ndiyo chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu, na anayeacha hupunguza hatari, haiishi yote. Lakini yule mtu alifanya ukuli bandarini karibu miaka thelathini, akipumua moshi wa malori na matingatinga kutwa. Moshi wa dizeli uliwekwa kwenye orodha ya vitu vinavyoleta saratani tangu 2012, na waliouweka ni shirika lile lile la utafiti wa saratani la Lyon, Ufaransa, linalotoa hizo namba zako za Kenya. Hilo hukuwatajia wazee.

Na namba zenyewe sikuzikataa. Nilikaa nazo usiku baada ya usiku, watoto wamelala. Kwa makadirio yao ya 2020, Kenya walikufa watu 27,092 kwa saratani za kila aina, na wa mapafu wakiwa zaidi kidogo ya 700. Dunia nzima, mapafu peke yake yaliua watu milioni 1.8. Basi nikachukua sensa ya 2019: Mombasa watu 1,208,333, Kenya 47,564,296. Ukitugawia fungu letu kwa vichwa, tunapata vifo kama 18 kwa mwaka. Kumi na wanane, Likoni mpaka daraja la Mtwapa, Changamwe, Kisauni, Nyali, kisiwa kizima. Na barazani pale wazee walikuwa wameshahesabu watatu wa mtaa mmoja.

Usinijibu kwamba watatu si ushahidi. Najua. Nakwambia jinsi hesabu inavyotengenezwa. Hayo ni makadirio, yanajengwa juu ya daftari za saratani, zile wanamoandikwa wagonjwa, na daftari za miaka mingi hapa nchini ni za Nairobi na Eldoret. Tena nchi yetu ni ya vijana na ugonjwa huu ni wa watu wazima, ndiyo maana ukiweka namba ghafi ya Kenya, isiyorekebishwa kwa umri, kando ya ile ya Marekani, yetu inaonekana ndogo kuliko hatari yenyewe ilivyo kwa mzee mmoja mmoja. Na wale makuli wa bara waliofanya kazi na Baba, wakiugua hurudi kwao. Aliyevuta vumbi la bandari ya Kilindini miaka ishirini hufia Kitui, na kama ameandikwa, ameandikwa huko.

Halafu kuna wale wasioandikwa kwa jina la ugonjwa wao. Unakumbuka nilikupigia nikakwambia Baba ana TB? Makohozi hayakuonyesha kitu, ila picha ya kifua ilikuwa na doa, anakohoa, amekonda, na Kenya ni nchi yenye TB nyingi, kwa hiyo akaanzishiwa dawa. Dawa za TB ni miezi sita. Tulikaa mitano tukimhimiza avumilie. Mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia vidonge asubuhi. Alipoanza kutema damu ndipo wakamtoa kipande kidogo cha nyama kwenye pafu kikapimwe, na majibu yalipokuja yalikuwa na neno ambalo sikuweza kumsomea. Hospitali siitaji, na daktari yule simlaumu. Ninachojilaumu ni kutouliza mapema, mwezi wa pili pale, nilipoona hapati nafuu. Wewe ulisema tumpe muda. Mimi nilikubali.

Sasa hili sijakwambia. Baba alifia nyumbani, alfajiri, unajua. Anayefia nyumbani, naibu wa chifu ndiye anayejaza fomu ndipo mtu apate kibali cha kuzika. Nilikwenda saa mbili asubuhi. Sanda ilikuwa imeshanunuliwa, kaburi Kikowani linachimbwa, tulitaka kumsalia adhuhuri. Naibu akaniuliza, "Alikuwa akiumwa nini?"

Nikasema, "Kifua."

Akaandika kifua. Karatasi ya maabara ilikuwa kwenye bahasha, kwapani mwangu. Ningeitoa ningeulizwa, ningeeleza, na nyuma yangu alisimama jirani, na jirani akijua, Mama angejua kabla ya maiti kutoka. Asubuhi ile Mama alikuwa bado anaamini ni TB iliyokataa dawa. Ungekuwa pale ungefanya nini? Lakini hukuwa pale. Nauli ilikuwa ghali, likizo hukupewa, nimeshakusamehe hilo, ila usinihukumu kwa asubuhi ambayo sikuwa na wa kumshika mkono.

Kwa hiyo siku ya tatu, uliposema tatizo lingeonekana kwenye takwimu, nilinyamaza kwa kuwa mimi ndiye niliyemtoa Baba kwenye hizo takwimu. Ndiyo hasira yangu yote ya miaka hii, kaka.

Kama unasoma hii na wewe si kaka yangu, na umefiwa nyumbani, na karatasi unayo, itoe. Iweke mezani, asome, aandike kama ilivyo. Mimi nilikuwa na haraka na nilimwonea Mama huruma, na bado nadhani huruma ile haikuwa kosa. Lakini ningeweza kumvuta naibu pembeni. Ingechukua dakika tano.

Jedwali la kaunti yako uendelee kunitumia kila likitoka jipya, napenda kuona unavyoshuka mstari wenu. Na Mama anakuuliza. Piga baada ya magharibi, akishamaliza nyiradi zake, umwambie unakumbuka ile siku ya Mama Ngina.