Katheta ya Kuvutia Bonge la Damu Iwe Kabatini Kabla Mgonjwa Hajafika

Oda za vifaa vya upasuaji wa mishipa ya damu hutufikia kwa njia mbili. Za nyuzi za kushonea, vibanio na mishipa bandia huja kwa barua pepe, zikiwa na muhuri wa mfamasia na siku za kutosha za kufikisha mzigo. Za katheta ya puto, mrija mwembamba unaotumika kuvuta bonge la damu lililoziba ateri, huja kwa simu, mara nyingi usiku, na anayepiga huuliza kama tunayo ya unene namba 4 kabla hata salamu hazijaisha, kwa sababu mgonjwa amekwisha kufika na mguu umekwisha kupoa. Makala hii tunawaandikia madaktari, wauguzi wasimamizi wa vyumba vya upasuaji, wafamasia na maafisa ugavi wa hospitali za mikoa na za rufaa, ili kueleza kwa nini kifaa hiki hakifai kuagizwa kama vifaa vingine, na utaratibu ambao kampuni yetu imeuweka ili kiwepo hospitalini kabla hakijahitajika.

Ateri ya mguu ikiziba ghafla, misuli na neva zilizo chini ya mahali palipoziba hukosa damu papo hapo, na madaktari wa mishipa kwa muda mrefu wamefanya kazi kwa kipimo cha takriban saa 6, ambazo zikipita bila damu kurejea, uwezekano wa kuuokoa mguu hupungua haraka. Neva huanza kuumia mapema zaidi. Chanzo mara nyingi kiko mbali na mguu wenyewe: bonge huundwa ndani ya moyo unaodunda bila mpangilio, au wenye vali iliyobanwa na ugonjwa wa rumatiki, kisha hung'oka, husafiri na damu na kukwama pale ateri inapogawanyika, hasa kinenani kwa mguu na karibu na kiwiko kwa mkono. Kwa kuwa rumatiki ya moyo bado ipo katika eneo letu, mgonjwa wa namna hii si lazima awe mzee. Anaweza kuwa mama wa miaka 30 aliyelala mzima, akaamka na mguu mmoja mweupe, wa baridi, wenye ganzi, usiopatikana mapigo kwenye kifundo wala juu ya wayo, na vidole ambavyo havitii akivitaka vijikunje.

Sasa tuzihesabu hizo saa 6 kwa jiografia yetu. Tuseme mguu umeziba saa 2 usiku. Familia inasubiri kidogo, inaukanda kwa maji ya moto, inatafuta usafiri, na saa 4 mgonjwa yuko hospitali ya wilaya. Daktari wa zamu akiutambua ugonjwa mara moja, akampa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na kumwandikia rufaa, gari la wagonjwa linaweza kumfikisha hospitali ya mkoa saa 6 usiku. Saa 4 zimekwisha, na zilizobaki 2 ni za kumwamsha mtaalamu wa usingizi, kuandaa damu na kufungua chumba cha upasuaji. Kama katheta iko kwenye ghala letu Dar es Salaam na hospitali iko Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, hakuna hodari wa kusafirisha mizigo atakayeifikisha kwa muda huo, na ndege ya kwanza ya asubuhi itatua wakati mazungumzo yamehama kutoka kuokoa mguu kwenda kukata mguu. Heparini huzuia bonge lisiendelee kukua, lakini hailiondoi.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukieleza. Ni mrija mwembamba wenye puto dogo la mpira kwenye ncha. Daktari hufungua ateri ya kinena kwa mkato mfupi, huupitisha mrija ukiwa na puto tupu hadi uvuke bonge, hulijaza puto kwa salaini, yaani maji safi ya chumvi, kisha huuvuta taratibu na bonge hutoka likiwa mbele ya puto. Mbinu hii ilibuniwa na Thomas Fogarty wa Marekani, aliyeichapisha mwaka 1963, na puto lake la kwanza lilikuwa kipande cha kidole cha glavu ya upasuaji alichokifunga kwenye katheta kwa ustadi wa mafundo aliouzoea katika uvuvi wa ndoano. Jina lake limebaki katika vyumba vya upasuaji hata pale katheta inapotoka kwa mtengenezaji mwingine; kwa hiyo anayetuma oda asiandike jina hilo peke yake, bali aongeze namba na urefu.

Namba ndiyo inayowakwamisha wengi. Kipimo cha French, ambacho ndicho namba ya unene wa katheta, ni theluthi moja ya milimita, kwa hiyo katheta namba 3 ina unene wa milimita 1 na namba 6 ina milimita 2. Namba 3 huwafaa mkono na ateri nyembamba zilizo chini ya goti. Namba 4 hupita kwenye paja hadi nyuma ya goti. Namba 5 hupanda kwenye nyonga. Na namba 6 hutakiwa mara chache, pale bonge kubwa linapokwama kwenye mgawanyiko wa aota, ateri kuu ya mwili. Namba 2 ni ya ateri ndogo kabisa na ya watoto. Hospitali inayonunua namba 4 peke yake, kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi, itafika katikati ya upasuaji na kukuta kwamba mapigo yamerudi nyuma ya goti lakini hayajafika wayoni, na namba 3 haipo. Kwa urefu, sentimita 80 hufanya kazi zote za mguu, ilhali sentimita 40 hutosha kwa mkono. Ushauri wetu kwa hospitali ya mkoa yenye daktari bingwa wa upasuaji ni katheta mbili za namba 3, mbili za namba 4 na moja ya namba 5, zote za sentimita 80. Hatuoni sababu ya kuweka namba 6 kila mahali.

Pamoja na katheta nyembamba tunapeleka bomba la sindano la mililita 1. Wapo wanaoliona kama nyongeza isiyo na maana, lakini puto la namba 3 la aina inayotumika sana hujaa kwa takriban mililita 0.2 tu, na mtu akilijaza kwa bomba la mililita 5 hawezi kuhisi alipofika. Namba 4 huchukua karibu mililita 0.75 na namba 5 mililita 1.5, ingawa kiasi cha kufuata ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti ya mtengenezaji husika. Puto likijazwa kupita kiasi hukwangua utando wa ndani wa ateri au hupasuka. Ndiyo maana mkono unaovuta katheta unapaswa kuwa wa mtu yuleyule anayesukuma bomba, ili apunguze salaini pale ateri inapobana na kuongeza inapopanuka. Kabla ya kuingiza, puto hujazwa kwanza ndani ya bakuli la salaini: likivimba sawasawa pande zote za mrija ni zima; likivimba upande mmoja, au likitoa vipovu, liwekwe kando.

Kuhusu utunzaji tutasema zaidi, kwa kuwa hapa ndipo mali huharibika bila mtu kujua. Maputo mengi ya katheta hizi ni ya mpira wa asili, na mpira huo una maadui watatu: joto, mwanga na hewa yenye ozoni. Tumekuta pakiti zimepangwa juu ya kabati lililopakana na mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke, na nyingine dirishani ambako jua la alasiri huzipiga, na tarehe ya mwisho wa matumizi bado iko mbali. Tarehe hiyo huhesabiwa kwa kifaa kilichotunzwa mahali pakavu, penye ubaridi wa wastani na giza. Katheta ikae kwenye boksi lake, ikiwa imelazwa bila kukunjwa, mbali na taa za kuulia vijidudu. Muuguzi anapoihesabu apitishe kidole kwenye mshono wa pakiti, kwani pakiti iliyoachia pembeni haina usafi tena hata kama inaonekana mpya. Na kwa kuwa ni mpira, mgonjwa aulizwe kuhusu mzio.

Tunaulizwa pia, kwa sauti ya chini, kama katheta inaweza kusafishwa na kutumika kwa mgonjwa wa pili. Jibu letu ni hapana, na hatulitoi kwa ajili ya kuuza zaidi. Puto lililokwisha kutanuka ndani ya damu halirudii nguvu yake, mahali lilipofungwa kwenye mrija pana mikunjo ambayo brashi haiifikii, mvuke wa kutakasia huuharibu mpira, na kipande kinachobaki ndani ya ateri baada ya puto kupasuka ni bonge jipya. Tunafahamu kwamba swali hilo linatokana na bei na uhaba wala si uzembe, na ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kushughulikia bei na uhaba kuliko kutoa mawaidha.

Utaratibu wetu ni wa mali kauli. Tunaleta boksi lenye katheta hizo tano, mabomba yake, nyuzi nyembamba za polipropilini za kushonea ateri, za 5-0 na 6-0, na vitanzi vya silikoni vya kushikia ateri, pamoja na orodha yenye namba ya toleo ya kila kifaa. Hospitali hailipi kitu siku hiyo. Kifaa kikitumika, sista msimamizi hubandika lebo yake kwenye faili la mgonjwa na nyingine kwenye fomu yetu, nasi tunarudishia kilichotoka na kutoa ankara ya hicho tu. Kilichobakiza miezi sita kabla ya kwisha muda tunakichukua na kukipeleka hospitali yenye wagonjwa wengi zaidi, hivyo hasara ya kuharibikiwa si ya hospitali, ilimradi kimetunzwa inavyotakiwa. Kwa hospitali za umma, makubaliano haya hutanguliwa na mkataba unaopita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na tunaomba maafisa ugavi waanze nao mapema, kwa sababu ankara isiyo na mkataba hukwama na boksi hubaki bila kujazwa.

Hatuliweki boksi kila hospitali inayoliomba. Panahitajika daktari anayeweza kufungua na kushona ateri, mtaalamu wa usingizi, heparini, na watu wanaojua kuchana utando wa misuli ya shavu la mguu endapo utavimba baada ya damu kurudi. Hospitali ya wilaya isiyo na hayo itamsaidia mgonjwa zaidi kwa kumpapasa mapigo mapema, kumpa heparini na kumwondoa haraka. Vilevile, katheta hii si dawa ya kila mguu unaouma: mgonjwa wa kisukari au mvutaji sigara ambaye ateri zake zimeziba polepole kwa miaka anahitaji vipimo na njia nyingine, na kumvutia puto kwenye ateri iliyojaa ukoko kunaweza kumletea madhara.

Kila kifaa tunachokileta kinakuja na nakala ya usajili wake wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, na tunawashauri wateja waidai nakala hiyo kwa muuzaji yeyote, wakiwemo wanaotoa bei ya chini kuliko yetu. Puto likipasuka au pakiti ikionekana kuchezewa, kifaa kisitupwe. Kiwekwe kwenye mfuko pamoja na lebo yake, taarifa ipelekwe TMDA na sisi tujulishwe, ili tusimamishe toleo hilo zima katika hospitali nyingine zilizolipokea. Anayetaka boksi atuandikie idadi ya upasuaji wa aina hii uliofanyika katika hospitali yake kwa mwaka uliopita, wakiwemo wagonjwa waliopewa rufaa kwa kukosa kifaa, pamoja na jina la idara itakayolihifadhi.