Herufi za udongo

Bagamoyo,
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na pole na mvua za Kyela. Huku joto ni lile lile, na watoto wangu wa darasa la pili wamefika 92 baada ya kuhamia wengine wawili wiki iliyopita. Ulinicheka kwenye simu: hizo sanaa za kufundishia kusoma na hesabu nazifanyia wapi na mguu hauna pa kupita? Chini ya mwembe, shoga. Nusu wanatoka na mimi, nusu wanabaki ndani wananakili, kisha tunabadilishana. Kelele zipo, sikufichi.

Nina mtoto mmoja wa dawati la nyuma, tangu mwaka jana anachanganya b na d. "Baba" anasoma "dada", wenzake wakicheka anaingiza shingo kama kobe. Nimemwandikisha kurasa kwa kurasa, wapi! Mwezi uliopita nikaomba ndoo ya udongo kwa mama mmoja anayefinyanga vyungu, kila mtoto nikampa tonge la ukubwa wa limau, nikasema tufinyange b. Yake ikatoka nzuri, kijiti na tumbo lake. Jirani yake, kwa utundu tu, akaibandua akaipindua kama chapati. Ikawa d. Yule mtoto akatoa macho. Akaipindua tena mwenyewe, akairudisha, akaipindua. Halafu akaniambia, "Mwalimu, kumbe ni hii hii moja!"

Miaka yote hii nafundisha, sikuwahi kuliona hilo. Kikombe ukikigeuzia mkono wake kulia au kushoto, ni kikombe. Mtoto wa miaka saba atajuaje kwamba kuna kitu kinabadilika jina kwa kugeuzwa tu? Mimi nilikuwa namwona mvivu. Sisemi amepona, juzi kaandika "dada" tena pasipotakiwa. Ila siku hizi kabla ya kuandika anafinya finya vidole hewani kwanza, anatafuta tumbo limeelekea wapi.

Ukili nao, ule msuko wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, nimeuingia kwa aibu, maana mimi kusuka sijui. Aliyenifundisha ni binti ambaye hesabu zake daftarini ni mkasi mtupu. Bibi yake anashona mikeka. Alikaa chini, akashika miyaa, juu mbili chini mbili, mdomo unapiga soga na mkono haukosei, shupatu inarefuka tu. Nikamuuliza, umepita mara ngapi? Nane. Kwa hiyo miyaa mingapi? Kumi na sita, bila hata kutazama vidole. Na wiki hiyo hiyo 2 × 8 nilikuwa nimempigia mkasi! Sasa jedwali la mbili tunalianzia kwenye ukili, yeye ndiye fundi, sisi wengine wanagenzi.

Rangi ndiyo iliyonitia aibu. Nilikoroga manjano ya jikoni kwenye maji, brashi ni vijiti tulivyovitafuna ncha kama mswaki. Wakachora kwenye vipande vya boksi, nikawasimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alivyochora picha kwenye mbao za dari kwa rangi ya kupakia baiskeli. Mambo yakaenda vizuri mpaka kesho yake, mama wa mtoto yuko ofisini na shati la sare mkononi. Doa lilikuwa la njano, alipolitia sabuni ya mche likageuka jekundu, akadhani mwanawe kachapwa hadi damu. Ikabidi nichukue sabuni nimwonyeshe hapo hapo kwenye leso yangu. Tukacheka mwishoni, lakini mwalimu mkuu hakucheka. Doa la manjano ukilianika juani siku kadhaa linafifia, ujue hilo kabla hujaanza. Mimi nimehamia kwenye mkaa na tofali la kuchoma lililosagwa, gundi ni uji mzito wa muhogo.

Jambo jingine: maelekezo yote toa kabla ya kugawa udongo. Mkono ukishagusa tope, masikio yameziba. Na maji ya kunawa yawepo ndoo mbili, si moja, la sivyo kipindi cha Kusoma kitaishia kwenye foleni.

Ofisini kuna mwenzetu ananiita "Mwalimu Tope". Acha aniite.

Ila wewe unanichekesha kusema huna vifaa! Uko Kyela, wafinyanzi wa kabila la Wakisi wanatoka Ikombe na vyungu vyao hadi Matema, nawe unalia huna chaki za rangi? Nina ombi. Wanyama tuliofinyanga tuliwaanika juani, asubuhi twiga wote hawana shingo, watoto wakalia kama msibani. Ukienda sokoni Matema, waulize wale akina mama wanachanganya nini kwenye udongo wao, na wanaukaushia wapi. Uniandikie kabla shule hazijafungwa, nimeshawaahidi twiga wengine.

Wako,
Mwalimu Tope