Baba Mdogo, mpaka haukuwa mtoni

London, Jumapili jioni

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini wote hapo Bunazi hamjambo na mguu wa Mama Mdogo umepata nafuu. Sisi huku ni wazima, ila baridi imeanza kutuonyesha. Hela ya kupalilia kahawa nimeituma kwenye simu ya Mama Mdogo, maana yako kila nikipiga haipatikani. Nunua betri nyingine, Baba.

Nije kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike badala ya kutuma sauti. Mdogo wangu aliyeko Chuo Kikuu, Mlimani, anaandika utafiti wake kuhusu Vita vya Kagera, vile tulivyopigana na Idi Amin wa Uganda 1978 na 1979. Akaniomba niende kumpigia picha mafaili yaliyoko kwenye nyaraka za taifa za Waingereza, pale Kew. Nikadhani ni kazi ya kupita mara moja nikitoka zamu ya usiku. Sasa imekuwa kama ulevi, Jumamosi nikikosa kwenda najisikia vibaya.

Utaratibu wao ungekufurahisha, wewe unayefunga kabati kwa kufuli mbili. Koti, begi na kalamu za wino vinabaki chini. Juu unapanda na penseli, daftari na simu ya kupigia picha, vyote ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo. Faili unaliagiza kwa kompyuta, unalikuta kwenye kijikabati chenye namba ya kiti chako. Karatasi zimetobolewa pembeni zikafungwa kwa kamba fupi yenye vyuma viwili mwishoni, kama za masjala za kwetu. Unapotoka, mlinzi anafunua daftari lako ukurasa kwa ukurasa asije akakuta umeondoka na historia yao.

Mafaili ya 1978 na 1979 yalifungwa miaka 30, ndivyo sheria yao ilivyokuwa. Mengi ni simu za maandishi kutoka ubalozi wao wa Dar es Salaam, vipande vya magazeti, na maafisa wakijibizana pembeni kwa mwandiko wa haraka. Kwa Kampala walikuwa kama vipofu, kwa sababu walikata uhusiano na Amin Julai 1976 na mambo yao kule yakaangaliwa na Wafaransa. Kuna mahali unafunua unakuta kikaratasi tu, kwamba ukurasa uliokuwa hapo umeondolewa kwa mujibu wa sheria. Miaka yote hiyo imepita na bado wanaficha. Wanaficha nini, Mungu ndiye ajuaye.

Lakini kilichonishika zaidi si mafaili hayo. Unakumbuka ubishi wako na Mwalimu mstaafu, ule unaoanza rubisi ikifika nusu ya kibuyu? Yeye husema mpaka wa zamani ulikuwa mto Kagera, Waingereza wakausogeza, hivyo Amin alikuwa na hoja ila alikosa adabu. Wewe husema Mjerumani aliupima mahali ulipo tangu mwanzo. Nimeusoma mkataba wenyewe, uko kwenye kitabu cha zamani cha Hertslet alichokusanyia mikataba yote ya mipaka ya Afrika. Umetiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, ndio huohuo ulioipa Uingereza ulinzi wa Zanzibar na kumpa Mjerumani kisiwa cha Heligoland. Mpaka unaanzia mto Umba kule pwani, unauzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini, unafika Ziwa Victoria kwenye digrii moja kusini ya ikweta. Hapo unavuka ziwa na kuendelea na digrii hiyohiyo hadi Kongo. Katika mkataba huo mto Kagera hautumiki kabisa kama mpaka. Kwa hiyo Mwalimu ameshindwa, mwambie alete mbuzi.

Lililonichekesha na kuniudhi kwa pamoja ni hili. Mkataba huohuo unasema upande wa magharibi wa ziwa kuna mlima Mfumbiro ambao lazima ubaki kwa Waingereza, na ikionekana uko kusini ya mstari, basi mstari upindishwe uuzunguke. Mlima walioujua kwa kusimuliwa, hawana hakika uko wapi, wakaupindishia mpaka. Mto ambao bibi zetu walikuwa wakichota maji kila siku hawakuupindishia hata hatua moja. Ndiyo maana hapo kwetu mto umeingia ndani ya Tanganyika, ukazunguka Kyaka, ukapanda tena kaskazini, na nchi yote kati ya mto na digrii moja ikabaki imening'inia ng'ambo. Hicho ndicho kipande, kama kilomita za mraba 1,800, ambacho Amin alitangaza tarehe 1 Novemba 1978 kuwa ni chake.

Na Mwalimu akikazana kwamba mto ni mpaka wa asili, muulize jambo moja. Kagera haumwagi maji ziwani upande wetu, mdomo wake uko Uganda. Kama mto ndio mpaka, basi kile kipande cha kusini ya mdomo kingekuwa chetu. Sijaona popote Amin akitushukuru kwa kutupa. Zaidi ya hapo, wakuu wa Afrika walikwisha kukubaliana Cairo, Julai 1964, kwamba kila nchi ibaki na mipaka iliyoikuta siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mbele katika hilo. Mimi naona hilo ndilo karatasi zito kuliko yote ya vita ile. Tulipigania mstari waliouchora watu ambao hawakuwahi kukanyaga Minziro, na bado nasema tulikuwa na haki. Ukifungua mstari mmoja tu Afrika hii, kesho utafunguliwa upi?

Vita ilianzaje, hapo vitabu vinagombana. Wapo wanaosema Amin aliwafukuza askari wake walioasi wakakimbilia kwetu, wapo wanaosema ni njia ya kuwapa kazi wasimgeukie, na ipo habari ya ugomvi wa baa mpakani. Kijitabu ambacho Serikali yetu ilitoa 1979, wakati wa mkutano wa wakuu wa Afrika kule Monrovia, kina kazi yake: kueleza kwa nini jeshi letu lilifika Kampala. Kimeandikwa kama wakili anavyozungumza mahakamani, na sikilaumu. Ukitaka vumbi na jasho, msome Mzirai kwa Kiswahili, au wale waandishi wawili, Avirgan na Honey, waliofuatana na jeshi letu, JWTZ, hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Hao hawakutuonea haya hata sisi. Wameandika jinsi majengo ya Masaka na Mbarara yalivyobomolewa kulipiza kisasi cha yaliyofanywa kwetu. Nilisoma kurasa hizo polepole, nikafunga kitabu nikaenda kupika.

Kuhusu daraja la Kyaka, Baba, usikasirike. Siku zote umesema ndege za Amin ndizo zilizolivunja. Ndege zilikuja kweli, nawe ulizisikia, ila mabomu yalikosa shabaha. Aliyelilaza mtoni ni fundi wa baruti waliyemleta kutoka migodi ya shaba ya Kilembe, tarehe 3 Novemba. JWTZ ikabidi itandaze daraja la kuelea ndipo ivuke mwezi huohuo.

Sasa ombi langu. Katika makaratasi haya yote kuna kilomita, kuna daraja, kuna kiwanda cha sukari kilichoporwa, kuna silaha na majina ya majenerali. Watu wa ng'ambo ya mto wanatajwa kwa jumla tu, "wakazi", basi. Ng'ombe wanatajwa kwa maelfu. Wewe unalo lile daftari la shule kwenye sanduku la bati, ulimoandika ng'ombe wa babu mmoja mmoja, rangi yake na pembe zake, na nani alimwona mara ya mwisho na wapi. Mimi sijaona kitu kama hicho Kew. Afisa yeyote wa Dar au London hakujua kwamba ilikuwa msimu wa senene, watu wamewasha taa usiku kuwavuta, na kwamba mwanga huo ulizimwa kwa hofu kijiji kizima. Wewe ulijua, ukaandika.

Mdogo wangu atakuja huko Krismasi. Mruhusu alipige picha, ukurasa kwa ukurasa, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Zile pini zilizoota kutu zitolewe taratibu, zinakula karatasi. Tafadhali usilipeleke mjini kwa yule kijana wa stationeri akalifunike kwa plastiki ya moto, litaharibika na halitarudi. Na asiondoke nalo, hata akiapa. Picha zinamtosha. Cheti chako cha mgambo nacho kipigwe picha, pande zote mbili, maana kuna maandishi nyuma.

Kisha kaeni naye jioni mbili tatu, wewe na Mwalimu na yule mama mjane wa Kyaka aliyevuka na watoto kwa mtumbwi. Arekodi. Yule mama aanze yeye, kabla hamjaanza kubishana, la sivyo hatapata nafasi ya kusema. Hela ya nyama ya jioni hizo nitatuma mwisho wa mwezi, nikilipwa.

Msalimie sana Mama Mdogo, na watoto wote. Mwalimu usimwonyeshe barua hii mpaka mbuzi afike.

Mimi mwanao,
London