Salamu za Krismasi toka San Antonio, Marekani, mwaka huu sijaenda nyumbani Moshi kuhesabiwa

Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Najua saa hizi wengine mmeshapita Segera na wengine bado mnagombania siti, maana nauli ya Moshi ikifika Desemba haina huruma, na hiyo ya ndege ndo usiseme, nilivyoiona nikazima simu nikaenda kulala.

Mwaka umekuwa mgumu, mnajua. Mzee tulimzika Machi na mimi nilimzika kwenye simu, mtandao unakatika katika.

Juzi nikaenda zangu Espada, misheni ya zamani kusini mwa mji huu. Watu wakisikia San Antonio wanajua ngome ya Alamo tu na vita yake ya 1836, kumbe mji ulianza 1718 Wahispania walipoweka misheni na kambi ya askari mtoni, 1731 wakaletwa watu zaidi ya 50 toka visiwa vya Canary, wakashushwa Veracruz huko Mexico wakakanyaga nchi kavu mpaka huku, na leo ni mji wa saba kwa ukubwa Marekani, watu zaidi ya milioni 1.4. Sasa kilichonikalisha chini sio magorofa jamani, ni mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba! Haki ya Mungu mfongo kama wetu wa huko nyumbani, wao wanaita acequia, umepitishwa juu ya daraja la mawe toka miaka ya 1740 na mpaka leo maji yanapita. Waliochimba ni wenyeji wa pale, wengi waliishia kufa kwa ndui na surua, sifa wakabaki nazo mapadri (si ndo kawaida). Maji yaligawanywa kwa zamu, siku yako ikiisha unafunga, wa chini naye apate. Nikamuona mzee wetu akilini, alfajiri na jembe begani anafoka "nani kafungua maji yangu?" Nililia palepale, watalii wananishangaa.

Kwahiyo ndugu zangu mlioko huko juu, msiishie kunywa mbege na supu ya kisusio. Mfongo wetu nasikia umejaa majani wakati uwanjani kumejaa magari. Tokeni siku moja wote, na watoto, mkazibue. Na hizi kelele za mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, kaburi la mzee hata halijakauka tuache, tusameheane, tumrudie Mungu, tukumbuke wajane na yatima, leo tupo kesho hatupo.

Nawatakia Krismasi njema na heri ya mwaka mpya, Mungu awape afya na amani. Jembe la mzee lisiuzwe, liwekeni bandani, mpini nitakuja kubadilisha mwenyewe.