Dhoruba ya Jua haizimi simu usiku

Mhariri,

Ule ujumbe wa kuzima simu usiku umerudi kwenye magrupu ya WhatsApp: eti kuanzia saa 6:30 usiku hadi saa 9:30 miale mikali inapita karibu na Dunia. Kama ni miale ya Jua, saa hizo Jua liko upande wa pili, na katikati kuna Dunia nzima, unene wa kilomita 12,700 na ushei. Miale ipite wapi?

Kinacholipuka kwenye Jua ni plazima, yaani gesi iliyochajiwa umeme. Juu ya madoa meusi ya Jua nguvu za sumaku husokotana mpaka zikakatika na kujiunga upya. Nishati iliyobanwa humo huipasha plazima kupita nyuzi milioni 10, wakati uso wa Jua wenyewe ni kama 5,500 tu. Elektroni hurushwa chini kuelekea uso wa Jua, zikigonga gesi nzito hutoa eksirei, nazo hutufikia baada ya dakika 8 hivi. Hapo tabaka la hewa lililo kilomita 60 hadi 90 juu yetu huanza kumeza redio za masafa mafupi, ila kwenye mchana tu. Mlipuko wa X9.0 (X ni daraja la milipuko mikali kuliko yote) wa tarehe 3 Oktoba 2024 ulifika kilele saa 9:18 alasiri kwa saa zetu, Afrika ikiwa juani. Ule wa X8.7 wa tarehe 14 Mei mwaka huohuo ulikuja saa 1:51 usiku. Kwetu Jua lilishazama. Masafa ya simu ni ya juu mno, tabaka hilo halina habari nayo.

Wingu la plazima linalotupwa na Jua ni jambo jingine, si mlipuko wenyewe, ingawa magazeti huyachanganya hayo mawili (hata lenu). Hilo huchukua kwa kawaida siku 1 hadi 3, na pengine lisielekee kwetu kabisa.

Wa kuonywa ni wapima ardhi. Huku karibu na ikweta, hasa Machi–Aprili na Septemba–Oktoba, Jua likiwa na shughuli nyingi, mapovu ya plazima hufumka angani baada ya magharibi na kuyumbisha mawimbi ya GPS hadi karibu usiku wa manane. Kipokezi hupoteza setilaiti, usahihi wa sentimita unapotea. Pimeni asubuhi. Ikibidi jioni, rudieni alama inayojulikana kabla ya kufunga vifaa. Ikionekana imehama, vipimo vya jioni hiyo vitupwe.

Msomaji wenu,
Morogoro